Uzi maalumu: Kiungo cha ENNI, au fremu ya mteja inavyovuka kutoka mtandao wa kampuni moja kwenda mwingine

#1 FremuNzima

Wakuu, habari za humu.

Swali la kuunganisha mitandao miwili likiletwa hapa, mjadala huhamia haraka kwenye BGP (itifaki ambayo ruta hutumia kubadilishana njia za intaneti) na vituo vya kubadilishana trafiki ya intaneti. Mada nzuri, lakini leo naomba tubaki ngazi moja chini yake, kwenye fremu zenyewe za ithaneti, yaani vifurushi vya data vinavyopita kati ya swichi na swichi.

Chukulia mteja mwenye ofisi mbili. Ya kwanza iko ndani ya eneo la kampuni A. Ya pili iko mahali ambako A haina hata uzi mmoja wa faiba, ila kampuni B inao. Mteja anataka laini ya ithaneti toka ofisi hadi ofisi, kana kwamba swichi zake mbili zimechomekwa kwa waya mmoja. Habari za B hazimhusu. Amesaini na A, anailipa A, na huduma ikikatika anaipigia A. Kwa hiyo A inakodi kipande cha mwisho kwa B, na mahali fulani, mara nyingi ndani ya kituo cha data ambamo wote wawili wana vifaa, poti ya A inatazamana na poti ya B.

Hapo ndipo panapoitwa ENNI (External Network-to-Network Interface), kiungo cha mtandao na mtandao. Jina limetoka MEF, jumuiya ya sekta iliyoanzishwa mwaka 2001 kuweka viwango vya ithaneti ya watoa huduma. Hati yao ya kwanza ya kiungo hiki, MEF 26, ilitoka 2010. Kabla ya hapo kila jozi ya kampuni ilijipangia. Wengine walipitisha fremu juu ya saketi za zamani, E1 ya 2.048 Mb/s au STM-1 ya 155.52 Mb/s, zikifunguliwa na kufungwa upya upande wa pili. Wengine walitendeana kama wateja tu: huduma moja, poti moja. Ukiwa na wateja mia kupitia B, unahitaji poti mia pande zote mbili.

ENNI ilileta njia ya kuzipitisha huduma hizo zote kwenye poti moja bila kuchanganyika. Maneno matatu yanatosha kuifuata. UNI ni poti anayochomeka mteja. EVC ni huduma nzima kama mteja anavyoiona, kutoka UNI hadi UNI. OVC ni kipande cha huduma hiyo ndani ya mtandao wa kampuni moja. Kwa mteja wetu kuna EVC moja na OVC mbili, ya A na ya B, zilizoungwa kwenye ENNI.

Msimamo wangu niuseme mapema. Miaka yote niliyofanya kazi hii, waya wenyewe umenisumbua mara chache sana. Kinachokwamisha kiungo ni yale mambo ambayo kila upande uliyaona ya kawaida mno kiasi cha kutoyaandika popote. Ahadi kwa mteja ni moja: fremu itoke upande wa pili kama ilivyoingia, biti kwa biti. Kila mpangilio wa kwenye kiungo upimwe kwa ahadi hiyo.

Karibuni tujadili.

#2 Poti_ya_Nne

Asante mkuu kwa uzi. Swali la kuanzia: mteja tayari ana VLAN zake, yaani mitandao yake midogo inayotenganishwa kwa namba iliyoandikwa kwenye tagi ya kila fremu. Kwa nini tusizitumie hizo hizo kutofautisha huduma kwenye kiungo?

#3 FremuNzima

Kwa sababu VLAN za mteja ni mali yake. Mteja wa kwanza ana VLAN 10, wa pili naye ana VLAN 10, na hakuna mwenye haki ya kumwambia mwenzake abadilishe. Namba yenyewe ina biti 12 tu, yaani thamani 4096, na mbili kati yake hazitumiki.

Kwa hiyo tunaongeza tagi ya pili, ya nje, iliyowekwa rasmi na IEEE 802.1ad mwaka 2005. Ina baiti nne. Mbili za kwanza ni utambulisho wa aina ya tagi, TPID, ambao kwa tagi ya nje ni 0x88A8. Mbili zinazofuata zina biti 3 za kipaumbele, biti 1 inayoitwa DEI, na biti 12 za namba. Tagi ya mteja inabaki ndani haijaguswa. Hata kama fremu yake haikuwa na tagi, inapata ya nje tu na kuendelea.

Kitu kinachowapita wengi: namba ya tagi ya nje ina maana kwenye kiungo hicho tu. A na B wamekubaliana kwamba 731 pale kwenye poti ni mteja fulani. Ndani kwake, A anaweza kuibeba huduma hiyo kwa MPLS au EVPN (teknolojia za kubeba trafiki ndani ya mtandao wa kampuni), au kwa VLAN nyingine kabisa. B vilevile. Hakuna anayepaswa kujua mwenzake anabebaje. Mpakani tu ndipo wanapotakiwa kuongea lugha moja, na hiyo ndiyo nguvu ya mpango huu.

#4 MshikaTochi

Hapo kwenye TPID naomba kuongezea, maana pameninyima usingizi.

Vifaa vya kabla ya 802.1ad kukomaa vilitumia 0x9100 kwa tagi ya nje, na vingine 0x8100 kwa tagi zote mbili, ya nje na ya mteja. Bado viko kazini. Upande mmoja ukituma 0x88A8 na mwingine ukisubiri 0x8100, dalili zake zinapotosha sana. Mwanga uko vizuri, poti iko juu, kihesabu cha fremu zinazoingia kinapanda, lakini huduma imekufa. Swichi inayopokea haioni tagi. Kwake hiyo ni fremu isiyo na tagi yenye aina isiyoijua, na kwenye ENNI fremu isiyo na tagi ya nje haina pa kwenda, inatupwa.

Watu huanza kubadilisha moduli za SFP (vichomeko vya faiba), kusafisha faiba, kulaumu waya wa ndani ya jengo. Kamateni fremu chache kwa kioo cha poti (kunakili trafiki ya poti hadi kwenye kompyuta) msome baiti ya 13 na ya 14, baada ya anwani mbili za MAC. Jibu liko pale.

#5 FremuNzima

Kabisa mkuu. Na kama kifaa cha upande mmoja hakiwezi 0x88A8, kubalianeni kwa maandishi kutumia 0x8100. Si aibu, inafanya kazi. Tatizo ni kila mmoja kudhani mwenzake anatumia kile anachotumia yeye.

#6 Zamu_ya_Usiku

Wadau nina hali hii sasa hivi, naomba msaada. Huduma mpya kupitia kampuni nyingine. Pingi (ujumbe mdogo wa kujaribu kama upande wa pili unajibu) inapita bila kupoteza hata moja. Mteja anaingia kwenye seva yake ya upande wa pili, anaona orodha ya mafaili, ila akikopi faili kubwa linaganda. Upande wa pili wanasema kwao kila kitu kijani.

#7 FremuNzima

Mkuu, kabla ya kitu kingine chochote pima ukubwa wa fremu. Pingi ya kawaida ni ndogo, inapita popote. Tuma pingi yenye baiti 1472 za data ukikataza kukatwa vipande. Jumlisha baiti 8 za kichwa cha ICMP (itifaki ya pingi) na 20 za kichwa cha IP unapata 1500, ambayo ndiyo pakiti kamili ya kawaida. Kama 1472 haipiti na 1400 inapita, umeshalipata tatizo.

Hesabu iko hivi. Fremu kamili isiyo na tagi ni baiti 1518. Tagi ya mteja inaifanya 1522. Tagi ya nje inaifanya 1526. Hiyo 1526 ndiyo kiwango cha chini kabisa ambacho MEF 26 inakubali kwenye ENNI, na hati hiyo hiyo inapendekeza angalau 2000. Namba 2000 haikuokotwa: IEEE 802.3as ya mwaka 2006 ndiyo iliyopanua fremu hadi ukubwa huo ili tagi na vichwa vya ziada vipate nafasi.

Sasa fikiria kipande kimoja katikati ya njia kimewekwa 1522. Fremu zote ndogo zinapita. Fremu kubwa zenye tagi mbili zinatupwa, na zinatupwa kimya. Hapa ndipo tabaka la pili, la fremu na swichi, linapotofautiana na la tatu, la pakiti za IP na ruta. Ruta ikikutana na pakiti kubwa kuliko njia, inamrudishia mtumaji taarifa kwamba apunguze. Swichi haina cha kumwambia mtu. Inaitupa fremu, inaongeza kihesabu kimoja ambacho hakuna anayekitazama, inaendelea na kazi. TCP ya mteja, itifaki inayohakikisha data imefika, inatuma tena fremu ile ile yenye ukubwa ule ule, inatupwa tena. Ndiyo faili linavyoganda wakati pingi inacheka.

Na usiishie hapo. Wateja wengi siku hizi wanaweka VXLAN (njia ya kufunga fremu ndani ya pakiti za IP) juu ya laini hizi, nayo inaongeza baiti 50 kwa pakiti. Pakiti ya 1500 inakuwa 1550. Ukiwa umewapa 1526 tu, wameshapigwa. Mimi ninapoandikiana na kampuni nyingine sishuki chini ya 2000, na ninapoweza naomba 9100 au zaidi, kwa sababu kupanua baadaye, wateja wakiwa tayari wanapita, ni kazi ya usiku mwingi.

Jambo la mwisho hapa: kila mtengenezaji anahesabu MTU, yaani ukubwa wa juu unaoruhusiwa, kwa namna yake. Mmoja anahesabu kichwa cha ithaneti na baiti nne za ukaguzi mwishoni, mwingine anaacha baiti za ukaguzi, wa tatu anahesabu mzigo wa ndani tu. Watu wawili wanaweza kuambiana «tumeweka 1526» na wote wakawa wakweli, na bado isipite. Msiulizane namba, tumianeni fremu. Kipimo kiwe fremu halisi ya ukubwa huo iliyovuka.

#8 Kamba_Kavu

Naomba nipingane kidogo. Kwa maoni yangu anayeuza kwa jumla, kama B, anauza njia ya fremu za kawaida. Mteja akitaka kuongeza vichwa vyake apunguze MTU kwenye vifaa vyake. Si kazi ya kampuni kubeba kila kitu anachokibuni mteja.

#9 FremuNzima

Naheshimu hoja yako mkuu, ila sikubaliani nayo, kwa sababu moja. Mteja wetu hajui kama kuna B. Ameuziwa laini ya ithaneti. Ukubwa ukiwa umeandikwa kwenye mkataba wake, sawa, atapanga vifaa vyake kwa namba hiyo na hatadai zaidi. Lakini mara nyingi hakuna kilichoandikwa, na anaambiwa apunguze baada ya kuganda kwa wiki nzima. Kama unauza 1522, andika 1522 kwenye fomu ya maombi ili A amwambie mteja siku ya kwanza. Nikikuta namba imeandikwa, hata iwe ndogo, sina ugomvi.

#10 Zamu_ya_Usiku

Nimepima. 1472 haipiti. 1468 inapita. Baiti nne kamili!

#11 MshikaTochi

Baiti nne ni tagi moja. Kuna kifaa kati yenu ambacho hakikuhesabu tagi ya nje. Waombe wakuangalizie kihesabu cha fremu zilizozidi ukubwa kwenye kila poti ya njia, sio ya mwisho tu.

#12 Ndoo_ya_Tokeni

Uzi mzuri. Naomba niingie kwenye kitu kinacholeta ugomvi mkubwa zaidi hata ya MTU: kasi.

Huduma inauzwa kwa CIR, kasi iliyoahidiwa, pengine na EIR, kasi ya ziada isiyo na ahadi. Watu wanasoma hizo mbili na kusahau CBS, ukubwa wa mfumuko unaoruhusiwa, yaani baiti zinazoweza kurushwa kwa mpigo mmoja. Kifaa kinachopima kasi kinatumia ndoo ya tokeni: tokeni zinajazwa kwa kasi ya CIR, kila fremu inachota baiti zake, na ndoo ikikauka fremu inahesabiwa imezidi. CBS ndiyo ukubwa wa ndoo.

Chukua huduma ya 100 Mb/s juu ya poti ya 1 Gb/s, CBS ikiwa baiti 12,000. Kompyuta ya mteja haitumi kwa 100 Mb/s. Inatuma kwa kasi ya poti, kisha inanyamaza, kisha inatuma tena. Fremu za 1518 zikija mfululizo, nane za kwanza zinapita. Ya tisa inakuta ndoo haina tokeni za kutosha, inatupwa. Yote hayo ndani ya takriban mikrosekunde 100. Ukitazama grafu ya dakika tano utaona mteja anatumia 30 Mb/s, mbali kabisa na kikomo chake, na wakati huo huo anapoteza fremu. Analalamika, A inamwonyesha grafu, kila mmoja anaona mwenzake anadanganya, na wote wawili wako sahihi.

Linganisha na kile TCP inachohitaji. Safari ya kwenda na kurudi ikiwa milisekunde 50, muunganisho mmoja unaotaka kujaza 100 Mb/s unatakiwa uwe na baiti 625,000 njiani kwa wakati mmoja. Ndoo ya 12,000 kwake ni kikombe.

Dawa ziko mbili na zinatakiwa zote. Anayetuma kwenda kwenye kiungo atengeneze mtiririko, yaani azishike fremu kwenye foleni na kuziachia kwa mwendo wa CIR badala ya kuzirusha kwa pamoja. Anayepokea aweke ndoo ya ukubwa wa maana. A akitengeneza mtiririko kwenye kutoka, B hana sababu ya kutupa kitu. Inashangaza ni viungo vingapi ambavyo B anapima kwa ndoo na A hajui kabisa.

#13 FremuNzima

Hapa umenigusa mkuu. Na kuna mtego mwingine ndani yake ambao ni hesabu tupu.

CIR inahesabu fremu kuanzia anwani ya MAC hadi baiti za ukaguzi. Mteja anapewa 100 Mb/s kwenye UNI. Fremu yake ya baiti 64 ikifika ENNI ina tagi ya nje, sasa ni 68. Mzigo ule ule wa mteja umekuwa 106.25 Mb/s. B akipima ENNI kwa 100 Mb/s kamili, anatupa karibu fremu 6 katika kila 100, na mteja hajazidi hata biti moja. Kwa fremu za 1518 tofauti ni chini ya asilimia 0.3, haionekani. Kwa hiyo mteja wa mafaili yuko salama na mteja wa sauti, mwenye fremu ndogo, anaumia. Watu hutafuta tatizo kwenye mitambo ya simu wakati liko kwenye baiti nne. Ongezeni CIR ya upande wa ENNI kidogo, au mkubaliane kifaa kisihesabu tagi ya nje kama kinaweza.

#14 Poti_ya_Nne

Na zile rangi ambazo fremu hupewa ikipimwa kasi? Kijani, njano, nyekundu. Zinavukaje mpaka?

#15 Ndoo_ya_Tokeni

Kijani ni iliyo ndani ya CIR. Njano iko ndani ya ziada. Nyekundu imetupwa pale pale, haifiki mpakani. Kwa hiyo kinachovuka ni kijani na njano, na rangi inaandikwa ndani ya tagi ya nje, ama kwa ile biti ya DEI, ama kwa thamani fulani za biti tatu za kipaumbele. Ubaya wake ndio huo «ama». A akiandika njano kwa kipaumbele na B akasoma DEI, kila fremu ya njano inasomeka kijani. Siku za kawaida hakuna anayeona. Siku B anaposongamana ndipo fremu za ziada za mteja mmoja zinapokula nafasi ya fremu zilizoahidiwa za mwingine. Ni jambo la sentensi moja kwenye fomu ya makubaliano.

#16 Mkunjo

Nafuatilia kwa makini. Mimi swali langu ni usalama wa njia. Tukiweka faiba mbili kati ya A na B, si tutatengeneza mzunguko?

#17 FremuNzima

Ukiziwasha zote mbili bila mpango, ndiyo, na ni balaa. Pakiti ya IP ina TTL inayopungua kila ruta hadi ife. Fremu ya ithaneti haina kitu hicho. Ikiingia kwenye mzunguko inazunguka hadi mtu achomoe waya, na ikiwa ni ya kutangazwa kwa wote inazaliana kila inapopita.

Ndani ya mtandao mmoja unaweza kutumia STP, itifaki inayozima njia za ziada ili kusiwe na mzunguko. Kati ya kampuni mbili, usiifikirie. Hakuna anayetaka tukio kwenye mtandao wa mwenzake lianze kupanga upya njia za mtandao wake. MEF 26 ilichukua njia rahisi: viungo viwili vinafungwa kuwa kundi moja linaloitwa LAG, LACP (itifaki inayolisimamia kundi hilo) ikiwa kazini, kimoja kikibeba na kingine kikisubiri. Uwezo wako ni wa kiungo kimoja, jihesabie hivyo.

Angalia vipima muda vya LACP. Kwa mwendo wa haraka ujumbe unatumwa kila sekunde 1 na upande wa pili unahesabiwa umekufa baada ya 3. Kwa mwendo wa polepole ni kila sekunde 30, na 90. Faiba ikikatika uzi mmoja tu, wa kwenda au wa kurudi, na mwanga usipotoa taarifa, LACP ndiyo itakayogundua. Sekunde 90 za kurusha fremu shimoni ni nyingi mno kwa mteja wa benki au hospitali.

Majengo mawili tofauti ni habari nyingine. LAG ya kawaida inaishia kwenye kifaa kimoja kila upande. Ukitaka kiungo kimoja jengo hili na kingine jengo lile, utahitaji EVPN yenye uwezo wa kushika pande mbili, au pete ya G.8032 (kiwango cha kulinda mtandao wenye umbo la pete), au umpe mteja huduma mbili kamili aamue mwenyewe kwa ruta zake. Kwa wateja wakubwa mimi hupendelea hiyo ya mwisho. Hitilafu ikitokea, mipaka ya nani anashughulikia nini inabaki wazi.

#18 Kamba_Kavu

Katika hilo tuko pamoja. Na upimaji wa kukabidhi huduma kwa mteja? Sisi bado tunatumia utaratibu wa RFC 2544.

#19 MshikaTochi

RFC 2544 ni ya mwaka 1999 na iliandikwa kwa kupima kifaa kimoja maabara. Mwaka 2012 IETF yenyewe, jumuiya inayotoa hati za RFC, ilitoa RFC 6815 ikisema wazi isitumike kwenye mtandao unaobeba wateja. Inasukuma trafiki hadi kikomo, na mtandao ukiwa na watu wengine ndani unawaumiza. Tumieni ITU-T Y.1564 ya 2011. Inapima huduma kwa CIR yake, kisha ziada, kisha inathibitisha kwamba kinachozidi kinatupwa kweli, na inaweza kuendesha huduma kadhaa kwa pamoja ukiona ucheleweshaji na upotevu wa kila moja.

Ila kumbukeni alichosema Ndoo_ya_Tokeni. Mashine ya kupima, ukiiacha kwa mpangilio wake wa kawaida, inatuma fremu kwa mwendo sawa, moja moja, kwa adabu. CBS ndogo haionekani kwake hata kidogo. Cheti kinatoka safi, kesho yake mteja analalamika. Washeni kipimo cha mfumuko.

#20 Zamu_ya_Usiku

Na baada ya kukabidhi, unajuaje upande wa B umekufa? Poti yangu ya ENNI inabaki juu tu.

#21 MshikaTochi

Lazima ibaki juu, kwa sababu imebeba wateja wengine. Ndiyo maana kuna ujumbe wa uhai wa IEEE 802.1ag na ITU-T Y.1731. Kifaa chako kwenye UNI ya mbali na chako kwenye UNI ya karibu vinatumiana ujumbe mdogo kila sekunde, au kwa kasi zaidi ukitaka. Ukikosekana kwa muda wa vipindi vitatu na nusu, kengele inalia kwako kabla mteja hajapiga simu.

Ujumbe huo una ngazi, 0 hadi 7, ili kila mmoja aangalie kipande chake bila kuingiliana. Kwa mpangilio wa MEF kiungo chenyewe ni ngazi ya 1, mwenye kipande ni 2, aliyeuza huduma ni 3, EVC ni 4, mteja ni 6. Kanuni ni kwamba kituo cha ngazi fulani kinazuia ujumbe wa ngazi yake na wa chini yake, na kinapitisha wa juu. B akiweka kituo cha ngazi ya 4 mpakani mwake kwa mazoea ya nyumbani, ujumbe wako wa ngazi ya 3 unafia kwake. Data ya mteja inapita, uangalizi wako umepofuka.

Na siku mnapofungua, mwambieni B asizuie itifaki za mteja pasipo sababu. Fremu za anwani zinazoanza 01-80-C2-00-00 ndizo zinazobeba STP, LACP na LLDP za mteja. Zipi zinapita, zipi zinatupwa, iandikwe.

#22 Poti_ya_Nne

Swali jingine. Nikiwa na kampuni kumi za kuunganisha, natakiwa kuvuta faiba kwa kila moja?

#23 FremuNzima

Kumi zikiungana kila moja na nyingine ni viungo 45, poti 90, na mazungumzo 45 ya MTU na TPID. Ndiyo sababu ya soko la ithaneti: swichi moja kubwa katikati, kila kampuni inaleta ENNI moja, na katikati wanageuza tagi, hata TPID na rangi, ili tofauti zenu ziishie pale. CENX ilianzishwa Marekani mwaka 2009 kwa kazi hiyo hasa, na Equinix nayo ikaingia kipindi hicho hicho.

Msiichanganye na vituo kama LINX ya London. Kule pia kuna swichi katikati, lakini wanachama wanaleta ruta na kubadilishana njia za IP kwa BGP. Fremu inaishia kwenye ruta ya jirani. Kwenye soko la ithaneti fremu ya mteja inavuka nzima na kuendelea na safari.

Faida kubwa ni kwa mdogo anayetaka kufika kwingi haraka. Hasara ni kwamba sasa kuna mtu wa tatu njiani. Hitilafu ikitokea mna simu mbili za kupiga badala ya moja. Kama mnabadilishana trafiki nyingi na kampuni moja, faiba ya moja kwa moja bado ndiyo bora.

#24 Zamu_ya_Usiku

Mrejesho: imepatikana. Kadi moja katikati ya mtandao wao ilibadilishwa kwenye matengenezo na mpangilio ukarudi wa kiwandani. Sasa fremu ya 2000 inapita. Asanteni sana wakuu.

#25 Mkunjo

Hongera. La mwisho kwangu: namba ya tagi ya nje anachagua nani, na mteja akiondoka inakuwaje?

#26 FremuNzima

Achague mmoja, basi. Kwa kawaida anayeuza kipande ndiye anayetoa namba na kumjibu mnunuzi kwenye uthibitisho wa oda. Wengine wanagawana, mmoja anachukua 100 hadi 1999, mwingine 2000 kwenda juu. Vyovyote, isiwe kwa simu.

Kuondoka kwa mteja ndiko kunakonitia hofu kuliko yote tuliyoyasema. A anafuta upande wake, oda ya kufuta inachelewa kwa B, na OVC ya B inabaki hai ikielekea kwenye jengo la mteja wa zamani. Miezi inapita, mtu anaona 731 iko wazi kwenye daftari la A, anampa mteja mpya. Sasa mtandao wa ndani wa mteja mpya umeungwa na poti ya mtu mwingine, na hakuna kengele itakayolia, kwa sababu kiufundi kila kitu kinafanya kazi. Sisi haturudishi namba kwenye matumizi mpaka B athibitishe kwa maandishi kwamba amefuta, na kabla ya kumpa mteja mpya tunasikiliza namba hiyo kwenye poti kuona kama kuna fremu yoyote inayokuja. Ikija hata moja, namba inafungwa na B anapigiwa simu siku hiyo hiyo.